Mwanasheria Akistaafu, Aje Delta

Jaji Augustino Ramadhani alipokabidhi ofisi ya Jaji Mkuu wa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2010, tayari alikuwa ameishi maisha ya kuwatosha watu wanne. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akasoma sheria Dar es Salaam, na alipohitimu mwaka 1970 akaingia jeshini. Alipanda vyeo vya JWTZ hadi kuwa Brigedia Jenerali, na Vita vya Kagera vilimkuta akiwa na magwanda. Katika miaka ya 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Mwaka 1989 aliingia Mahakama ya Rufani, baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki na makamu mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, kabla ya kuteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa nchi mwaka 2007. Na Jumapili alikuwa mtu wa kinanda, akiwapigia waumini wenzake kanisani.

Wengi wetu tungesema sasa apumzike. Yeye alikwenda Arusha kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, akaiongoza kama Rais wake kuanzia mwaka 2014 hadi 2016. Alikuwa makamu wa Jaji Joseph Warioba katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoundwa mwaka 2012. Akapewa daraja la upadri katika Kanisa Anglikana. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 69, akachukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Hakuteuliwa, akaendelea na kazi zake. Alifariki Aprili 2020.

Nimemfikiria sana mzee huyu kila nilipokuwa Kibiti, kwenye delta ya Mto Rufiji, ingawa sijui kama maisha yake yaliwahi kumleta kukaa huku. Namfikiria kwa sababu kizazi cha mawakili na majaji waliosoma Mlimani miaka ya 1970 na 1980 kimestaafu au kinastaafu sasa. Ni watu wenye elimu kubwa, majina yenye uzito na, mara nyingi, afya nzuri. Nchi inawaaga kwa hafla na ngao, kisha wanarudi walikotoka: bodi za kampuni Dar es Salaam, usuluhishi wa migogoro ya kibiashara, makongamano ya Dodoma na Arusha. Sina ugomvi na kazi hizo. Ninachosema ni kwamba wilaya kama Kibiti, yenye maswali magumu ya kisheria kuliko Masaki na Oysterbay, inawahitaji zaidi, na kwamba mwanasheria atakayeifaa ni yule aliyekuwa na maisha mengine nje ya ofisi: mwanajeshi, mvuvi wa kujifurahisha, mpanda milima, mtu wa mashua, mtu wa kinanda. Delta haimfunulii siri zake mtu aliyezoea kiti cha kuzunguka.

Kwa asiyeijua, Mto Rufiji unabeba maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu, kisha unapokaribia bahari unagawanyika matawi mengi, Simba Uranga, Kikunya na mengine, ukiacha katikati yake visiwa vya matope na mikoko. Mikoko hiyo imefunika zaidi ya hekta 50,000, na hakuna msitu mmoja wa mikoko mkubwa kuliko huo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ndani yake wanaishi watu. Kuna vijiji, misikiti, shule, zahanati, na mashamba ya mpunga ambayo wenyewe huyalinda wakiwa juu ya dungu, dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Kufika huko, unaacha lami ya barabara ya Kilwa pale Bungu, unaelekea mashariki hadi Nyamisati. Baada ya hapo ratiba ni ya maji kujaa na maji kupwa. Chombo kikikwama kwenye matope, nahodha hatawasha injini kwa hasira. Atakaa asubiri.

Sasa itazame delta hii kwa macho ya sheria.

Wajerumani waliitangaza mikoko hii kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898. Waingereza wakaendeleza, serikali huru ikarithi. Lakini watu walikuwamo kabla ya tangazo na wakabaki baada yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziligawa ardhi ya Tanzania makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mwana-delta yumo katika kijiji kilichosajiliwa, chenye mwenyekiti na mhuri, na papo hapo yumo ndani ya msitu wa hifadhi. Kwa mtendaji wa kijiji ni mwananchi anayepaswa kuchangia ujenzi wa darasa. Kwa afisa wa misitu anaweza kuwa mvamizi. Kwa nyakati tofauti wakulima wa mpunga wameamriwa waondoke, na kila mara swali ni lile lile: waende wapi, na kwa kosa la babu yupi?

Mto nao una tabia zake. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake imehamia upande wa kaskazini wa delta. Maji baridi yalipofika kule, chumvi ikapungua kwenye udongo, mpunga ukakubali, na mikoko ikafyekwa kupisha mashamba. Kusini kukabaki na chumvi. Watu waliufuata mto kama wazee wao walivyoufuata, maana kilimo cha mlau, cha kupanda mafuriko yanapokauka, kimewafundisha Warufiji kusoma maji kwa karne nyingi. Mpaka uliochorwa kwenye karatasi haukuhama nao.

Na hapa ndipo ninapotaka mstaafu mmoja, tafadhali, anisaidie. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Ni sheria nzuri kwa Msimbazi. Ni sheria nzuri kwa Ziwa Viktoria. Ipeleke kwenye kisiwa chembamba cha delta, chora mita 60 kutoka upande huu na mita 60 kutoka upande ule, uone kijiji kinabaki wapi. Halafu uulize mita hizo zinapimwa kuanzia wapi. Maji ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, hupanda hadi mahali ambapo maji mafu hayafiki kabisa. Ukingo wa asubuhi si ukingo wa jioni. Mwaka huu ukingo umemegeka, mwakani tope limejaa mahali pengine. Wakili anayetaka kumtetea mwana-delta, na hata wakili wa serikali anayetaka kuitekeleza sheria kwa haki, lazima awe ameona bamvua kwa macho yake, akiwa ndani ya mtumbwi, na mtu mwenye upondo mbele yake akimweleza.

Sina maana kwamba wanasheria hawajawahi kuja. Walikuja, na walipokuja ilionekana. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mradi wa kampuni iliyoitwa African Fishing Company, uliokusudia kufuga kamba ndani ya delta katika mabwawa ya hekta zipatazo 10,000. Ungekuwa miongoni mwa miradi mikubwa kabisa ya ufugaji wa kamba duniani. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, walishauri usiidhinishwe, lakini wakati ule sheria iliwapa NEMC kazi ya kushauri tu, na ushauri haukufuatwa. Wana-delta waligawanyika, wengine wakiona ajira, wengi wakiona mwisho wa uvuvi wao. Waliopinga walikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam wakisaidiwa na LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira iliyoanzishwa mwaka 1994. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, wakati huo vijana, ambao baadaye kila mmoja alikuja kuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Waandishi wa habari za mazingira nao walilipigia kelele jambo hilo hadi likajulikana nje ya nchi.

Mradi haukutekelezwa. Leo kamba wa Rufiji wanazaliana kwenye mizizi ya mikoko ile ile, na mvuvi wa Salale anatupa wavu mahali ambapo palitakiwa kuwa na tuta la bwawa. Mwaka 2004 delta, pamoja na maji ya Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya mazingira iliyofanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa lazima. Sitaki kudai kwamba kesi moja ilizaa yote hayo. Ninadai kwamba bila mawakili waliokubali kupanda mashua, kukaa barazani na wazee, na kuandika hati za viapo za watu ambao baadhi yao hawakuwahi kufika Dar es Salaam, delta ingekuwa kitu kingine leo.

Lakini wale walikuwa vijana, na vijana huondoka. Wana kesi nyingine, watoto wa kusomesha, siasa inayowaita. Kesi ikiisha, wakili naye ameisha. Kilichokosekana Kibiti tangu wakati ule ni mwanasheria wa kukaa.

Na mambo yameongezeka. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na wiki chache baadaye, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kikafika upande wa Mafia. Juu ya mto sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, fahari ya nchi. Nami ninajivunia taa zinazowaka kwa maji ya mto wetu. Hata hivyo mkulima wa mlau ana haki ya kujua ni nani atakayemwambia maji yatafunguliwa lini, kwa njia gani, na akipoteza shamba aandike barua kwenda wapi. Halafu kuna kaboni. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, na msitu wa mikoko ni hazina inayotafutwa dunia nzima kwa sababu tope lake hufungia kaboni nyingi. Mikataba ya aina hiyo huweza kufunga kijiji kwa miongo. Nani atakaa na halmashauri ya kijiji usiku mmoja, taa ya sola ikiwaka, asome kipengele kwa kipengele kabla mhuri haujagongwa?

Lipo pia jambo ambalo watu wa Kibiti hawapendi kulizungumza na mgeni. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya hii na jirani zake zilipita kipindi cha mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Nchi nzima ilijua jina la Kibiti kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo wengine bado wanaogopa kushuka hapa hata kununua embe. Hali ilitulia. Lakini zipo familia zinazosema ndugu zao walitoweka wakati ule na hadi leo hawajui walipo. Mtu asiye na kaburi wala cheti cha kifo anaacha mirathi isiyofunguka, mke asiyejua hesabu ya eda yake ianze lini, shamba ambalo ndugu wanaogopa kuligusa. Sheria inayo njia ya kulishughulikia hilo. Inahitaji mtu mzima, mwenye mvi, asiyetafuta kura wala cheo, atakayeweza kukaa na mama mmoja mkekani hadi aamini kwamba kusema hakutamdhuru.

Nimetaja mvi kwa makusudi. Kwenye utamaduni wetu wa pwani kijana mwenye shahada husikilizwa kwa adabu, lakini mzee husikilizwa kwa moyo. Mzee aliyewahi kuwa jaji akikaa kwenye baraza la kijiji, afisa wa misitu atavua kofia, mwenyekiti atapima maneno, na mwekezaji atatuma mwanasheria wake aliye bora. Heshima hiyo ameichuma kwa miaka 40. Kuiacha izeeke kwenye sebule ni hasara.

Kwa nini basi ninasisitiza mambo ya kujifurahisha? Kwa sababu wajibu peke yake haumfanyi mtu akae mahali. Nimewaona wataalamu wengi wakija delta kwa wajibu. Hukaa siku tatu wakiwa na fulana za mradi, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya bamvua. Anayebaki ni yule anayependa kitu cha mahali. Anayependa kuvua atajua majina ya watu kwa sababu ya chambo. Anayependa ndege atatembea alfajiri na vijana wanaolinda mpunga, na kabla ya mwezi kuisha atakuwa amesikia migogoro yote ya mipaka. Anayependa tanga ataijua kusi na kaskazi, atajua msimu wa uvuvi wa kamba unafungwa lini na nani anaumia. Ushahidi ambao mahakama huukosa katika kesi za watu wa delta mara nyingi ni wa aina hiyo hasa.

Historia ya delta yenyewe inalo fundisho la jambo hili. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu ndani, na jeshi la majini la Uingereza, lililokuwa kubwa kuliko yote duniani, likakaa nje miezi likishindwa kuingia. Waliokuja kuwafaa hawakuwa maofisa wa ramani peke yao. Walimtafuta mwindaji, P. J. Pretorius, aliyelijua bonde hili kwa miguu yake, naye akawapimia kina cha mikondo akiwa ndani ya mtumbwi. Ndipo Julai 1915 meli za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia na kuimaliza. Ile ilikuwa kazi ya vita, na wana-delta hawakuulizwa na upande wowote. Hata hivyo inaonyesha wazi: hapa anayejua ni aliyepita.

Wako wanasheria wetu wa namna hiyo, hata kama hawavui samaki. Profesa Issa Shivji aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi mwaka 1991 na 1992, wakazunguka nchi kuwasikiliza wanavijiji, na tume yake ikapendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya kijiji yawe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, ardhi ikabaki chini ya dhamana ya Rais. Shivji alistaafu kufundisha sheria mwaka 2006, na tangu hapo ameongoza kigoda cha Mwalimu Nyerere, ameandika wasifu mkubwa wa Mwalimu akiwa na wenzake wawili, na amechapisha mashairi. Jaji Warioba naye, kabla ya kuwa waziri mkuu na baada yake, alikuwa mtu wa sheria ya bahari, hadi akaketi kama jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Hao wamefanya sehemu yao, na zaidi. Ninawataja ili mwanasheria mwenye umri wa miaka 60 asije akadhani ujana wake wa kikazi umekwisha.

Ninachokiomba kinawezekana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wanafanya kazi ya kujitolea yenye kuchosha, lakini sheria hiyo hiyo inawazuia kumwakilisha mtu mahakamani. Wanahitaji mtu wa kumpigia simu wanapokutana na jambo zito. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imepeleka wanasheria mikoani kwa siku kadhaa kwa wakati, na foleni zilizojitokeza zinaeleza kiu ilivyo. Chama cha Wanasheria na Mahakama wangeweza kukubaliana juu ya jambo dogo: mstaafu anayetaka kukaa msimu mmoja katika wilaya isiyo na mawakili apewe barua ya kutambulishwa, meza katika jengo la halmashauri, na posho ya mafuta ya boti. Si lazima asimame mahakamani. Asome mikataba, awafundishe wasaidizi, akae na mabaraza, aandike.

Najua pingamizi. Kwamba wazee wanahitaji hospitali karibu. Ni kweli, na asiyejiweza asije. Kwamba atakuwa mgeni asiyejua Kirufiji. Atajifunza salamu, na Kiswahili kitamtosha kwa mengine, hasa sasa ambapo tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwamba wanasiasa watamshuku. Huenda. Ramadhani alipigana vita, alikaa kwenye tume za uchaguzi, alihukumu serikali za Afrika akiwa Arusha. Mzee wa aina hiyo hatishiki na simu ya diwani.

Kama yuko mmoja anayesoma makala haya Jumapili hii, na barua yake ya kustaafu iko mezani, ningemshauri aje kati ya Juni na Agosti, mvua za masika zikiwa zimepita na njia ya Nyamisati ikipitika. Aje na buti, chandarua, na kile anachokipenda, iwe fimbo ya kuvulia au darubini ya kutazamia ndege. Kazi ya kwanza nimeshamtafutia: achague kijiji kimoja cha kisiwani, akae hapo hadi apite na bamvua na maji mafu, apige mambo za miti mahali maji yanapofika kila siku akiwa na wazee wa kijiji kama mashahidi, kisha aandike kwa Kiswahili cha kisheria hoja ya namna mita 60 zinavyopaswa kupimwa kwenye delta. Hoja hiyo haijafika mezani kwa waziri, na vijiji vinaingoja.